Saa za Kumlinda Mtoto Hazimo Kwenye Fomu

Kila tunapovuka feri ya Likoni hapa Mombasa, mimi na mwanangu, hufunga pembe moja ya leso kwenye kifundo cha mkono wake na pembe ya pili kwenye mkono wangu, nikakaza mafundo mawili kabla hatujaanza kuteremka kuelekea majini. Mtoto ana miaka tisa na nguvu zake ni za miaka tisa, na maji yanapomwita hasikii jina lake wala sauti ya mtu yeyote. Wanaotuona kwa mara ya kwanza huitazama leso, kisha hunitazama mimi, na wapo walioniambia waziwazi kwamba mtoto si mbuzi. Siwalaumu, kwa sababu hawakuwapo asubuhi ile aliponiponyoka mlango wa feri ukiwa bado haujagusa nchi kavu sawasawa, akakimbia hadi ukingoni, akadakwa shati na kijana mchuuzi wa korosho ambaye hadi leo nikimwona namsalimia kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwanangu ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu, na juu ya usonji ana hali ile inayojulikana kwa herufi za ADHD, ambayo humfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kushika jambo moja hadi mwisho, na atende kabla ya kufikiri. Zamani daktari aliyefuata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili hakuruhusiwa kuandika majina yote mawili kwa mtoto mmoja. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la 2013. Nalitaja jambo hili kwa sababu bado nakutana na wazazi walioambiwa kwamba mtoto hawezi kuwa na hali zote mbili. Anaweza, na hutokea mara nyingi.

Tangu tulipopata kadi yake ya ulemavu, wazazi wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hunipigia simu wakiniuliza swali lile lile, kwamba pesa za watoto hawa zinapatikanaje. Nitaeleza ninachokijua. Lakini nitaeleza pia kwa nini naamini kwamba msaada uliopo umejengwa kwa kipimo kisichowafaa watoto wetu, kwani unapima kile ambacho mwili wa mtoto umeshindwa kukifanya, ilhali kinachoimaliza nyumba ni saa ambazo mtu mzima hawezi kumwondolea mtoto macho.

Kisheria mlango uko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu haiishii kwenye mguu, jicho na sikio. Inataja akili na nafsi pia, na inaingiza hali yoyote yenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku, au ambayo jamii inaiona kuwa na athari hiyo. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kumdhalilisha, na kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwapatie hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 sheria hiyo ilibadilishwa kwa sheria mpya. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kwamba usonji ni malezi mabaya wala si ulemavu, na ajue kwamba anayesema hivyo anakwenda kinyume na Katiba ya nchi.

Kati ya sheria na mtoto lakini kuna tathmini, na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mtoto hupelekwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, kamati ya wataalamu humwona na kujaza fomu, fomu huenda kwenye Baraza, na mwisho hutoka kadi. Wazazi wengi huchanganya tathmini hii na ile ya Wizara ya Elimu, inayofanywa katika vituo vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ambayo kazi yake ni kusema mtoto asome wapi na kwa namna gani. Zote mbili ni muhimu, ila barua ya shule haishiki nafasi ya fomu ya hospitali, na nimewaona akina mama wakipoteza nauli na siku nzima kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo.

Mara ya kwanza tulikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi foleni, na tulipoingia kwenye chumba cha kamati ilikuwa imekaribia saa sita. Darini palikuwa na pangaboi linalozunguka polepole, na bawa lake moja lilikuwa limepinda kidogo, hivyo kila mzunguko lilitoa mlio mdogo. Mwanangu aliliona, akaketi sakafuni, akainua uso, akatulia kimya kama ambavyo sikuwa nimemwona ametulia mwaka mzima. Daktari alimwita jina, hakuitika. Akagonga meza kwa kalamu, mtoto akageuka, na daktari akaandika kwamba anasikia. Alitembezwa hatua chache, ikaandikwa kwamba anatembea. Alipewa kalamu akaishika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo mengi, lakini niliulizwa maswali mawili tu: alizaliwaje, na aliwahi kuwa na kifafa. Dakika kumi na tano baadaye nilikuwa koridoni nikiwa na karatasi iliyosema kwamba hali yake ni ya kiasi kidogo, na mlio wa pangaboi ulipopotea nyuma ya mlango alianza kujigonga kichwa ukutani mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Sikatai kwamba daktari yule alikuwa na watu wengi wa kuwaona. Ninachosema ni kwamba dakika kumi na tano zinatosha kuuona mguu uliokatika, wala hazitoshi kumwona mtoto wetu, ambaye ulemavu wake hauko mwilini mwake bali umetapakaa katika saa ishirini na nne za siku. Watoto wa aina hii hutulia mahali pageni, au huzuka mahali pageni, na vyote viwili humdanganya anayewatazama mara moja.

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyenikuta nikilia kwenye benchi, ndiye aliyenipa shauri ambalo nimewapa wazazi wengi tangu siku hiyo. Aliniambia: "Mwanangu, wewe unakuja na mtoto, basi njoo pia na siku zake." Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita na kwa muda wa wiki mbili nikaandika kila kitu, bila kupamba. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, ameamka, amefungua komeo la mlango wa uani. Saa moja na nusu asubuhi, ametema uji, amekubali mkate mkavu. Saa nane mchana, ametoka mbio hadi barabara ya lami, amerudishwa na dereva wa tuktuk. Saa mbili usiku, amevua nguo zote kwa sababu ya mshono wa shingoni. Saa sita usiku, bado macho. Nilipojumlisha mwishoni nilikuta kwamba katika siku kumi na nne alitoka nje ya nyumba peke yake mara tisa, na kwamba ni usiku mara tatu tu alilala kabla ya saa sita.

Tulirudi mbele ya kamati miezi minne baadaye, na daktari aliyetupokea safari hiyo, Mungu amjaalie heri, alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa huku mtoto akipanda juu ya kiti na kushuka. Kadi tuliipata. Naomba mzazi yeyote anayesoma maneno haya na ambaye bado hajafanyiwa tathmini aanze kuandika usiku wa leo, hata kama ni nyuma ya kalenda.

Lakini kadi si pesa, na hili nalo wengi hawalijui. Pesa ni za mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao una sehemu ya wazee waliotimiza miaka 70, sehemu ya yatima na watoto walio katika mazingira magumu, na sehemu ya watu wenye ulemavu mkubwa iliyoanza mwaka 2011. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hulipwa kwa miezi miwili pamoja, mikononi mwa mlezi. Ili nyumba iingizwe, ni lazima iwe maskini sana, isiwe inapokea ruzuku nyingine ya aina hiyo, na mtoto awe katika kundi la ulemavu mkubwa. Nafasi ni chache kuliko wanaostahiki, kwa hiyo hata aliyetimiza masharti yote huandikishwa na chifu na kuambiwa asubiri.

Sasa nataka msomaji aitazame kwa makini maana ya ulemavu mkubwa kama mpango wenyewe unavyoieleza. Ni mtu anayehitaji uangalizi wa kudumu, yaani kulishwa, kusaidiwa chooni, na kulindwa na hatari, iwe hatari anayojiletea mwenyewe au inayotoka kwa wengine, kiasi cha kumfanya mlezi wake akae nyumbani. Nilipolielewa neno hilo la kulindwa nilihisi kwamba kuna mtu aliyewahi kuketi akamfikiria mtoto kama wangu. Leso ninayoifunga kwenye feri ni ulinzi huo. Komeo nililolihamishia juu ya mlango, mahali ambapo mimi mwenyewe nalifikia kwa kupanda kigoda, ni ulinzi huo pia. Hata hivyo, neno lililomo katika mpango halijawafikia wanaoamua mtaani, kwani pale barazani kwa chifu, ulemavu mkubwa unapotajwa, kila mtu humfikiria aliyelala kitandani asiyeweza kugeuka, na mtoto anayekimbia huonekana kuwa na afya kupita kiasi. Kwangu mimi, uwezo wake wa kukimbia ndio ukubwa wenyewe wa ulemavu.

Nilikuwa keshia katika duka la jumla karibu na Marikiti, na mshahara wangu ulikuwa shilingi 18,000. Nilifanya kazi hiyo miaka sita. Niliiacha kwa sababu dada wa kazi wa nne aliondoka katikati ya siku, akamwacha mtoto kwa jirani, na jirani akanipigia simu akiwa na hofu kuliko mimi. Shilingi 18,000 kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, ndiyo gharama ya kwanza ya usonji katika nyumba yetu, na hakuna risiti wala fomu inayoiandika. Gharama za pili ni tiba ya matamshi, ambayo kwa kliniki ya kibinafsi tulikuwa tukilipa shilingi 2,500 kwa kikao hadi tulipoacha, na dawa, na nauli, na vitu vinavyovunjika. Msamaha wa kodi nao haukutugusa. Agizo la 2010 liliwaondolea watu wenye ulemavu kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, jambo jema kabisa, ila liliandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye ulemavu aliye na mshahara wake. Mtoto hana mshahara wa kusamehewa kodi, na mume wangu aliyebaki kuwa mtafutaji wa pekee alikatwa kama mtu yeyote.

Hazina ya Taifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu hutoa vifaa vya kusaidia na msaada wa karo, na nimewaona watu waliobadilishiwa maisha kwa kiti cha magurudumu walichokipata huko. Nimejiuliza mara nyingi, je, kifaa cha mwanangu ni kipi? Naona ni komeo madhubuti, bangili yenye namba yangu ya simu, na viziba masikio vya kumkinga na honi za matatu. Sijawahi kuona vitu hivyo vikihesabiwa kuwa vifaa.

Binamu yangu anayeishi London ana binti mwenye usonji, na siku moja alinisomea kwa simu maswali ya fomu ya ruzuku ya watoto ya huko Uingereza, inayotolewa kwa watoto wa chini ya miaka 16. Kilichonishangaza ni swali, wala si pesa, ingawa pesa zenyewe ni nyingi, kwani kwa mwaka wa 2025 kiwango cha juu cha sehemu ya uangalizi kilikuwa pauni 110.40 kwa wiki. Fomu ile haitosheki na jina la ugonjwa. Inauliza mtoto huyu anahitaji uangalizi zaidi kiasi gani kuliko mtoto mwingine wa umri wake, mchana mara ngapi na kwa dakika ngapi, usiku mara ngapi na kwa dakika ngapi. Mapato ya wazazi hayaulizwi. Tena mlezi anayetumia saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuomba ruzuku yake mwenyewe, mbali na ya mtoto. Binamu yangu analalamika kwamba fomu ni ndefu na inamliza kila akiijaza, na namwelewa, maana kuandika mapungufu ya mtoto wako ukurasa baada ya ukurasa ni kazi inayoumiza. Hata hivyo nilimwambia kwamba ningekuwa radhi kulia mbele ya fomu inayouliza swali la haki.

Sitaki mtu adhani kwamba jambo hili ni la nchi tajiri pekee. Afrika Kusini, chini ya Sheria ya Msaada wa Jamii ya 2004, ina ruzuku ya mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa, na imefungamanishwa moja kwa moja na mtoto wa chini ya miaka 18 anayehitaji uangalizi wa kudumu nyumbani. Mapato ya mlezi hupimwa, na daktari wa serikali hutakiwa kuthibitisha, lakini mtoto amepewa mlango wake mwenyewe badala ya kusimama foleni moja na watu wazima.

Hali ni ngumu zaidi kwa mwenye ADHD pekee. Jirani yangu ana mvulana wa miaka kumi ambaye anasema vizuri, anacheka, anajua kuhesabu chenji ya mama yake ya mahamri kuliko mimi niliyekuwa keshia, lakini hajamaliza hata ukurasa mmoja wa kazi ya shule tangu aanze kusoma. Amechapwa shuleni na amechapwa chuoni, yaani madrasa, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Kwa mtoto kama huyo neno ulemavu mkubwa halifiki hata kidogo, na huenda hapaswi kuingia humo. Anachohitaji ni dawa inayopatikana kwa bei ya hospitali ya umma, mwalimu aliyefundishwa, na mama aliyeelezwa kwamba mwanawe si mkaidi. Msaada wa aina hiyo haugawiwi kwa chifu, na kwa maoni yangu ungegharimu kidogo kuliko tunachokipoteza mtoto huyo akiacha shule.

Mombasa haikosi historia ya kuwatunza watoto wenye ulemavu, na naona fahari kuitaja: Likoni kuna shule ya wasioona, Ziwani kuna shule ya viziwi, Port Reitz kuna ya wenye ulemavu wa viungo, na Tom Mboya kuna ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Ukiyasikiliza majina hayo utasikia jinsi tulivyozoea kuugawa ulemavu kwa kile kinachoonekana. Watoto wenye usonji huingizwa katika vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida, mara nyingi pamoja na watoto wenye mahitaji tofauti kabisa, na yote hutegemea mwalimu aliyepo. Wetu amepata mwalimu mwema. Mwaka jana alimfundisha kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji, na siku alipokuja nyumbani akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye picha ile niliyoibandika jikoni, nilimpa maji vikombe vitatu mfululizo ili tu aionyeshe tena.

Kabla ya hospitali tulipita kwingine, kama wengi wa pwani. Alikunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, alifungwa hirizi, na bibi yake mzaa baba alifunga saumu za sunna kwa ajili yake. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee, kwa maana walitupa walichokuwa nacho wakati ambapo hakuna ofisi iliyotupa chochote. Ninachokisikitikia ni miaka mitatu iliyopita bila mtu yeyote, wa kliniki ya watoto wala wa mtaani, kutuambia neno usonji.

Kwa sasa jina la mwanangu limo katika orodha ya kusubiri, na mimi nimeanza kushona mabuibui nyumbani katika zile saa anapokuwa shuleni. Wazazi kumi na watatu wa upande wetu wa ng'ambo, akina mama kumi na mmoja na akina baba wawili, tunakutana barazani kwangu Jumamosi moja ya kila mwezi. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mkakati wake wa matumizi mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya hapo. Safari hii tutakwenda na maombi mawili pekee: mtaalamu wa tiba ya matamshi wa hospitali ya umma atakayewaona watoto upande wa Likoni angalau siku mbili kwa wiki, ili wasilazimike kuvuka feri, na agizo kwa kamati za tathmini kwamba maelezo ya mlezi kuhusu saa za uangalizi yapokewe na kuambatishwa kwenye fomu. Tumekubaliana kila mmoja aje na daftari lake la wiki mbili, saa zikiwa zimejumlishwa kwenye ukurasa wa mwisho, na wale wasiojua kuandika wataandikiwa na binti zao.